Huduma Ikikulemea: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Moyo wa Kutumika

Mchungaji, mwinjilisti, katekista au mwalimu wa Shule ya Jumapili akisema amechoka, jibu atakalopewa linajulikana: funga siku tatu, ingia kwenye mkesha, nenda semina. Wanaoshauri hivyo wana nia njema, lakini wanamwongezea aliyelemewa kazi nyingine, tena ya usiku. Mtu hajalala vizuri tangu Jumatano, Ijumaa yuko mkeshani, Jumapili anasimama ibada mbili, halafu Jumatatu anajiuliza kwa nini anaomba na hasikii chochote.

Biblia ina utaratibu wake kwa mtumishi wa namna hii, katika 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka kushinda kwenye mlima Karmeli, malkia Yezebeli ametishia kumuua, naye ameketi chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia aamke ale; palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa tena, akala. Ndipo ikaja safari ya siku arobaini hadi Horebu, na huko ndiko alikoulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Mwisho kabisa akapewa kazi, na pamoja na kazi akapewa Elisha. Mpangilio ni huo: mwili, safari, swali, kazi, msaidizi. Wengi wetu tunaanzia kwenye swali, na hapo ndipo tunapokwama. Mwongozo huu unaanzia kwenye mwili.

Kwanza, jua kinachokuchosha

Yapo mambo manne yanayomchosha mtumishi na yanafanana, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni uchovu wa huduma yenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa inayoitwa ICD-11 iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeuweka uchovu unaotokana na kazi kama hali ya kikazi, si ugonjwa, na kuutambua kwa mambo matatu: nguvu kuisha kabisa, kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba ufanyacho hakina matokeo. Kwa lugha ya kanisani: unaamka umechoka, simu ya muumini ikiita unasonya kabla hujajua ni nani, na unatoka madhabahuni ukijua umesema maneno tu. Dalili ya pili ndiyo inayowaaibisha watumishi, kwa hiyo hawaisemi. Ikiwa umeanza kuwasema washirika vibaya nyumbani mbele ya watoto, usijihukumu kwanza. Umelemewa.

La pili ni ugonjwa wa mwili. Kabla ya kuuita uchovu wako wa kiroho, nenda zahanati au hospitali upime shinikizo la damu, sukari, wingi wa damu na malaria, na umwombe daktari aangalie tezi ya shingo kama umebadilika uzito bila sababu. Upungufu wa damu na kisukari ambacho hakijagunduliwa vinaleta uchovu ule ule.

La tatu ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Aliyelemewa na kazi mara nyingi bado anacheka akiwa na watoto wake au akitazama mpira. Kinachomchosha ni huduma. Mwenye sonona hafurahii hata vile. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya kula na kujiona huna thamani, unahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Ukianza kuwaza kufa au kujidhuru, usingoje kikao wala maombi ya Ijumaa: mwambie mtu aliye karibu nawe na uende hospitali siku hiyo hiyo. Na kama umeandikiwa dawa, usiziache kwa sababu kuna mtu amekuombea. Atakayekuamuru uziache hatakuwepo usiku zitakapokosekana.

La nne ni jambo lililofichwa: deni, dhambi usiyoitubu, ugomvi na mwenzi wako, fedha ya kanisa iliyotumika pasipostahili. Mapumziko hayaliondoi. Linahitaji kusemwa kwa mtu sahihi, na tutafika huko.

Wiki mbili za kuurudisha mwili

Katika wiki hizi mbili usiamue jambo lolote kubwa. Fanya haya tu.

Lala. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi kwa usiku, na anayelala saa tano kwa mwezi mzima hawezi kupima vizuri hali yake ya kiroho. Mikesha simamisha. Mfungo simamisha pia. Si dhambi, na Eliya alilishwa mara mbili kabla ya kuulizwa chochote. Kula milo mitatu kwa wakati, na mmoja uwe nyumbani mezani na watu wako.

Simu ndiyo ngumu kuliko yote. Kuizima kabisa hakufanyi kazi, kwa sababu washirika wana hofu ya kweli: mgonjwa akizidiwa, je? Kwa hiyo weka mzee wa zamu. Wazee wanne, kila mmoja wiki yake. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi simu za dharura ziende kwake, na yeye peke yake awe na namba nyingine ya kukuamsha, labda ya mwenzi wako. Mkubaliane mapema kwamba dharura ni kifo, mtu mahututi, ajali, au mtu aliye hatarini nyumbani kwake. Mgogoro wa kwaya kuhusu sare si dharura, hata kama mwenyekiti analia. Magrupu ya WhatsApp yanyamazishe, na kwa yale unayoyasimamia weka msimamizi wa pili.

Siku ya pumziko iwe kamili, saa ishirini na nne. Kwa anayehubiri Jumapili, inayofaa ni kutoka Jumapili saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Jumatatu huharibika kwa sababu moja tu: watu wanajua uko nyumbani, na nyumba ya mchungaji haina mlango wa kufungwa. Suluhisho ni kutokuwepo. Nenda kwa ndugu, shambani, ufukweni, popote ambapo hakuna anayekuita "mtumishi".

Usharika usiachwe ubahatishe. Tangazo lisomwe na mzee wa kanisa, si wewe, maana ukilisoma mwenyewe litasikika kama malalamiko. Liwe hivi: "Bwana Yesu asifiwe. Baraza la wazee limepanga kwamba mchungaji wetu atapumzika kila Jumatatu. Mwenye shida siku hiyo awasiliane na mzee wa zamu, jina lake liko ubaoni. Tunaomba tumsaidie." Neno la kulishika ni "baraza limepanga".

Kama una mkataba wa ajira, likizo yako ni haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo kwa mwaka, na sheria ya Kenya ya mwaka 2007 siku 21 za kazi. Watumishi wengi hawaziombi kwa kuona aibu, kisha wanaugua na kukaa nyumbani muda ule ule bila hata kupumzika. Andika barua kwa anayekusimamia, taja tarehe, taja atakayeshika nafasi yako na ibada ambazo tayari zina wahubiri. Barua isiyo na jina la mbadala hurudishwa.

Daftari la siku kumi na nne

Mwili ukianza kutulia, chukua daftari la kawaida uandike kila ulichofanya kwa huduma na muda wake, siku kumi na nne mfululizo. Andika siku ile ile jioni. Ukingoja Jumamosi utaandika ibada na vikao tu. Vinavyosahaulika ndivyo vinavyokula muda: kusubiri watu wafike kikaoni, bodaboda na daladala kati ya mitaa, kujibu ujumbe, kusimama nje ya kanisa baada ya ibada, kusimamia mafundi wa jengo, kuandaa taarifa ya fedha.

Kisha pembeni ya kila mstari weka alama mbili. Ya kwanza: *mimi* kama ni kazi ambayo kwa utaratibu wa kanisa lako huwezi kumpa mwingine, *mwingine* kama inaweza kufanywa na mtu mwingine, *iachwe* kama isingefanyika hakuna ambaye angeumia. Ya pili: jumlisha kama ilikuacha na nguvu, toa kama ilikunyonya.

Usishangae ukikuta kwamba ujenzi, vikao na usuluhishi vimechukua siku nyingi kuliko Neno na maombi yakiwekwa pamoja. Tena angalia alama za kujumlisha. Mtu anaweza kuchoka sana na kazi ya mahubiri akabaki na furaha, na akamalizwa na vikao viwili vya kamati ya harusi. Hapo ndipo utakapojua kama unachohitaji ni kazi kupungua au kazi kubadilika; ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kumewafanya wengi waombe uhamisho kwenda kwenye usharika wenye vikao vile vile.

Kugawa mzigo bila kuutupa

Yethro alimtazama mkwewe Musa akiamua kesi za watu toka asubuhi hata jioni, akamwambia, "Jambo hili ufanyalo si jema." Alisema wote watachoka, Musa na watu pia. Wanaopanga foleni kwa mtu mmoja nao wanachoka. Katika Matendo 6 mitume hawakuwaambia waumini kwamba wajane si muhimu. Walitaka watu saba wenye sifa zinazojulikana, wakawawekea mikono, wakawaacha wafanye.

Toka kwenye orodha ya *mwingine*, chagua kazi tatu. Si kumi. Kwa kila moja:

1. Mtafute mtu kwa kuangalia anachofanya tayari bila kutumwa. Mama anayekuwa wa kwanza kufika msibani ndiye wa kuratibu misiba.
2. Mwombe ana kwa ana, kwa muda unaojulikana: "Mama, nakuomba utusaidie hili hadi Pasaka." Anayepewa kazi isiyo na mwisho hukataa, au hukubali halafu hapokei simu.
3. Mara mbili akutazame ukifanya, mara mbili mfanye pamoja, mara mbili afanye yeye ukiwa umekaa nyuma. Halafu usiende.
4. Mkabidhi na mamlaka yake: ufunguo, fungu la nauli, na tangazo mbele ya ibada kwamba jambo hili liulizwe kwake.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa zaidi. Mzee anaambiwa aratibu misiba lakini fedha ya sanda na gari lazima aje kuomba kwako saa tano usiku. Umeongeza mtu mmoja kwenye mnyororo na mzigo umebaki pale pale. Kosa la pili ni kumnyang'anya mtu kazi akikosea mara ya kwanza. La tatu ni kumpa kila kitu kijana yule mmoja asiyejua kukataa; baada ya mwaka atakuwa anausoma mwongozo huu.

Misiba inahitaji busara ya pekee, kwa kuwa familia inataka kumwona mchungaji, na ina haki. Mnaweza kugawa hivi: wazee na jumuiya waongoze ibada za jioni nyumbani, mchungaji aende mara moja kufariji familia na siku ya mazishi. Ukisema hivyo siku ya kwanza watu huelewa. Ukikosekana bila kusema, hawasamehi upesi.

Usuluhishi wa ndoa uwe na mipaka: siku mbili kwa wiki, ofisini na si sebuleni kwako, saa moja na nusu kwa kikao. Baada ya vikao vitatu bila mabadiliko, wapelekwe kwa mshauri mwingine. Penye kipigo usisuluhishe kwanza. Anayepigwa atafutiwe usalama, kisha dawati la jinsia la polisi.

Kuna jambo ambalo semina za watumishi huliruka: fedha. Kwa mwezi mmoja andika kila shilingi iliyotoka mfukoni mwako kwa ajili ya huduma: nauli, vocha, rambirambi, chai ya wageni, karo ya mtoto wa muumini uliyeshindwa kumwambia hapana. Jumla hiyo ipeleke kwenye kamati ya fedha ikiwa kwenye karatasi, bila hotuba. Kamati nyingi hazina ukatili. Hazijui tu, kwa sababu mchungaji hajawahi kusema. Omba fungu la nauli na mawasiliano hata liwe dogo. Na usikope kutoka sadaka iliyo mikononi mwako hata kwa usiku mmoja. Wasiwasi wake peke yake ni mzigo usioweza kupumzishwa na likizo yoyote.

Mtu wa kumwambia ukweli

Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church alifika Kampala akitokea Gahini, Rwanda, amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa iliyoipiga nchi hiyo. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, Mkristo asiye na daraja la kanisa. Wakakaa pamoja, wakasoma Biblia, wakaomba. Wanahistoria wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea miaka ya 1930 hadi Burundi, Kenya na Tanganyika, huutaja mkutano huo kama mojawapo ya vyanzo vyake. Daktari mwenye elimu na nafasi alihitaji kumsikiliza mlei aliyekuwa na njaa ile ile ya kiroho. Inafaa kukumbukwa na kila mchungaji anayeona kwamba hakuna wa ngazi yake wa kuzungumza naye.

Mtu huyo asiwe mshirika wako, asiwe mkubwa wako kazini, na awe wa jinsia yako. Awe amewahi kutunza siri yako ndogo kabla hujampa kubwa. Mkutane kila baada ya wiki mbili, saa moja na nusu, mahali pasipo na watu wa usharika. Maswali manne yanatosha: Umelala vipi? Nyumbani hali ikoje? Ni jambo gani hutaki nikuulize? Mara ya mwisho kuomba bila kuwa kazini ilikuwa lini? La tatu ndilo linalofungua lile jambo la nne tulilolitaja mwanzoni. Kama lililofichwa linahusu fedha za kanisa au kumdhuru mtu, rafiki hatoshi. Lazima lifike kwa wenye mamlaka, na yeye akusindikize.

Usilitumie kundi la maombi kwa shughuli hii. Ombi la "tumwombee mchungaji, anapitia magumu" likisomwa Jumatano, kufika Ijumaa limeshakuwa habari.

Mwenzi wako naye asisahauliwe. Mke wa mchungaji mara nyingi anafanya kazi ya pili isiyo na posho wala siku ya pumziko: wageni, akina mama, watoto wa watu. Daftari la siku kumi na nne na yeye aandike lake. Mkilinganisha, baadhi yenu mtanyamaza kidogo.

Sasa swali la Horebu

Hapo ndipo panapofaa kurudi kwenye wito, pengine wiki ya sita au ya nane. Paulo anamwambia Timotheo aichochee karama iliyo ndani yake, iliyokuja kwa kuwekewa mikono. Anachukulia kwamba karama ipo.

Anza kusoma Biblia bila kalamu. Mhubiri aliyechoka husoma kila mstari akiwaza Jumapili, na Neno linakuwa malighafi tu. Soma Injili ya Marko, sura moja kwa siku, siku kumi na sita, na ujiwekee sharti kwamba hutahubiri chochote kutoka humo kwa miezi mitatu. Kama huwezi kuomba, soma Zaburi kwa sauti: ya 13, ya 42, na ya 88 inayoishia gizani bila kujibiwa. Imewekwa kwenye Biblia ikiwa hivyo, kwa hiyo nawe unaweza kuomba hivyo.

Kisha tenga siku moja ya mafungo. Nyumba za watawa na vituo vya mafungo vya makanisa huwapokea hata wasio wa dhehebu lao. Piga simu mapema. Simu iachwe nyumbani au kwa mapokezi. Fika saa mbili asubuhi. Hadi saa nne, lala au tembea, usisome. Saa nne hadi sita, soma 1 Wafalme 19 mara tatu polepole. Chakula. Saa nane hadi kumi, andika majibu ya maswali matatu: Niliitwa kwa watu gani? Ni sehemu gani ya kazi hii ningeifanya hata bila posho? Ni nani, kwa jina, aliyesaidika? Saa kumi hadi kumi na moja, ombea majina hayo, rudi nyumbani. Siku ikiharibika, kwa kawaida ni kwa sababu mtu alibeba kompyuta "amalizie mahubiri kidogo".

Swali la majina lina sababu. Eliya alidai amebaki peke yake. Mungu akamtajia elfu saba. Aliyelemewa huhesabu vibaya: anawaona walioondoka, viti vitupu, wazee wawili wanaompinga. Andika majina hadi yafike ishirini, hata ikichukua wiki.

Baada ya hapo, kila wiki fanya tendo moja la huduma lisilo na ripoti: mtembelee mzee mmoja asiyeweza kufika kanisani, usibebe bahasha ya sadaka, usipige picha, kaa, sikiliza, omba, ondoka. Ari hurudi kwa njia hii zaidi kuliko kwa semina, nadhani kwa sababu hapo hakuna anayekupima.

Ikiwa unafikiria kuacha

Usiandike barua usiku, wala ndani ya siku tatu baada ya kikao kibaya, wala kabla ya kumaliza hatua zilizotangulia. Jipe siku tisini. Zikiisha, na umelala, umegawa kazi, umezungumza na mtu, na bado huna cha kuendelea nacho, jadili na mwenzi wako kisha na msimamizi wako: uhamisho, likizo ndefu, masomo, huduma ya aina nyingine, au kuondoka. Pengine tatizo liko nje yako, kama mshahara usiolipwa kwa miezi au uongozi unaonyanyasa, na hapo kubaki hakuthibitishi imani. Kati ya maagizo aliyopewa Eliya pale Horebu, moja lilikuwa kumtia Elisha mafuta awe nabii mahali pake.

Kuilinda ari mwaka mzima

Chukua kalenda ya kanisa mwanzoni mwa mwaka. Kwaresima hadi Pasaka, kipaimara, mavuno na Krismasi ni vilele. Wiki inayofuata kila kimoja iandike pumziko kabla hujaalikwa popote. Januari usipange michango mikubwa wala ujenzi, watu wanalipa ada na wewe pia.

Kila miezi mitatu pitia mambo manne na mtu wako: wastani wa usingizi, Jumatatu ulizopumzika kati ya kumi na tatu, kazi ulizogawa ambazo zimerudi kwako kimyakimya, na fedha iliyotoka mfukoni. Mawili yakiwa mabaya, rudi kwenye zile wiki mbili za usingizi na chakula, na mwambie mzee wa zamu aanze tena kushika simu.